Safari ya siku tatu, homa ya siku ya kumi

Basi la kutoka Tanga liliingia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, saa 2 na robo usiku wa Jumapili. Ndani yake ilikuwamo familia moja ya Tabata: baba, mama, binti wao wa miaka 10, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano ambaye alikuwa amelala mapajani mwa mama tangu Chalinze. Walitoka Muheza, kwenye harusi ya mdogo wake baba. Ijumaa mchana waliondoka Dar es Salaam na mabegi matatu. Jumapili walirudi na mizigo saba: mabegi yale yale, kiroba cha machungwa, nazi, mihogo, na hotipoti ya pilau la harusi ambalo bibi alilifunga kwa mikono yake na kusema lisifunguliwe njiani.

Walifika nyumbani saa 3 na nusu. Majirani wote taa zinawaka, kwao giza. Luku iliisha.

Baba alinunua umeme kwa simu, lakini ujumbe wenye namba za kuingiza ulichelewa kama dakika ishirini. Kwa dakika hizo ishirini familia nzima ilisimama sebuleni ikimulikwa na tochi ya simu yenye chaji asilimia nane. Mtoto analia anataka maji, binti anauliza sare yake iko wapi, na baba anarudia kusema kuwa Ijumaa aliacha uniti za kutosha. Hakuna aliyemjibu.

Familia nyingi za mjini zinaijua hali hii. Maandalizi ya kwenda huchukua wiki nzima: nguo za kushona, nauli, zawadi, michango. Kurudi hakuandaliwi. Huchukuliwa kuwa ni kufungua mlango, kuoga na kulala. Lakini afya ya familia inayotoka safari fupi mara nyingi huamuliwa na mambo madogo ya usiku ule wa kurudi na wiki mbili zinazofuata, wakati kila mtu ameshasahau kuwa kulikuwa na safari.

Umeme uliporudi, mama alifungua friji. Kwenye friza kulikuwa na kilo mbili za nyama aliyoinunua Alhamisi ili wakirudi wasihangaike. Ilikuwa imelainika kabisa, na maji mekundu yametiririka hadi kwenye droo ya mboga. Aliinusa. Haikuwa na harufu mbaya. Mume wake akasema ichemshwe usiku ule ule, ikikaangwa vizuri haina neno.

Hapo ndipo wengi hukosea. Pua ni kipimo kibovu cha usalama wa nyama. Vijidudu vinavyoharibu harufu na ladha ya chakula si lazima viwe ndivyo vinavyosababisha magonjwa, na nyama inaweza kuwa na vya kutosha kumlaza mtu bila kunuka hata kidogo. Jambo la kuangalia ni muda. Umeme ukikatika na friji lisifunguliwe, upande wa chini hutunza ubaridi kwa takriban saa nne tu. Friza iliyojaa huweza kuhifadhi baridi hadi kama saa 48, na iliyojaa nusu karibu saa 24. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani yake inaweza kurudishwa kwenye friza au kupikwa. Iliyolainika yote, kwa muda usiojulikana, ni ya kutupa. Na familia hii haikujua luku iliisha saa ngapi. Inaweza kuwa Jumapili mchana, inaweza kuwa Ijumaa usiku wakiwa bado njiani.

Mama aliitupa. Ilimuuma, kilo mbili si mchezo.

Ipo mbinu moja rahisi kwa wanaosafiri na kuacha friji linawaka. Kabla ya kuondoka, gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu juu ya barafu na ukiache kikombe ndani ya friza. Ukirudi ukakuta sarafu bado iko juu, umeme haukukatika kwa muda mrefu. Ukiikuta imezama katikati au chini ya barafu, ujue kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena wewe ukiwa hupo. Bila sarafu hiyo nyama iliyoyeyuka ikaganda upya inaonekana kama haijaguswa, na hilo ndilo la hatari zaidi kuliko giza walilolikuta wao.

Kwenye nyama mama alishinda. Kwenye pilau alishindwa. Lilipakuliwa kwenye hotipoti saa 7 mchana, na sasa ilikuwa karibu saa 4 usiku. Saa tisa. Hotipoti haliweki chakula cha moto moto, hulifanya vuguvugu, na vuguvugu ndio joto ambalo vijidudu hulipenda. Wali una tatizo lake la pekee: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, kisha wali ukikaa nje huchipua na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata pilau likipashwa moto mpaka lishike chini. Ushauri wa kawaida wa usalama wa chakula ni kuwa kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ikiwa ya joto kali hata saa mbili ni nyingi.

Mama aliwakaangia watoto mayai na kuwapa mkate kwa chai. Baba alisema pilau la harusi ya mdogo wake halitupwi, akala sahani nzima. Hakuumwa. Ndivyo ilivyo mara nyingi, na ndiyo maana watu wanaendelea.

Kisha likaja suala la kazi. Sare ya binti ilikuwa kwenye tenga la nguo chafu tangu Ijumaa. Ya mdogo wake wa chekechea vile vile. Dada wa kazi alipewa ruhusa kwenda kwao Kibaha na angerudi Jumatatu mchana. Kwa hiyo saa 4 usiku, mama, aliyesafiri saa sita na mtoto mapajani, alikuwa anafua sare mbili kwenye beseni huku baba ameketi anaangalia marudio ya mechi. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ni fundi umeme wa magari, alikuwa amebeba mizigo yote tangu Muheza, na akilini mwake kazi yake iliisha alipoweka kiroba cha mwisho chini. Kwa mama, kazi ilikuwa inaanza.

Aligombana naye, lakini si kuhusu sare. Alimgombeza kwa sababu aliacha viatu mlangoni. Waliooana wanajua magomvi ya Jumapili usiku hayahusu kinachotajwa. Mwisho baba alizima runinga na kupiga pasi sare mbichi mpaka zikakauka, akaunguza kidogo ukosi mmoja, na nyumba ikalala saa 5 na nusu.

Saa 11 alfajiri binti aliamshwa. Gari la shule hupita saa 12 kasoro. Alikuwa amelala saa tano na nusu tu, wakati mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12 kila siku. Mdogo wake, ambaye kwa miaka yake anahitaji saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana, aliamka akiwa mkali na akakataa uji. Mama alifikiria kuwaacha wote wasiende shule.

Kwa mtoto asiye na homa wala kuharisha, kumpeleka ndiyo njia iliyo bora, kwa sababu ya saa ya mwili. Mwili huipanga siku kwa mwanga wa asubuhi na muda wa kuamka. Mtoto akiachwa alale hadi saa 4 asubuhi Jumatatu, usiku hatapata usingizi mapema, na Jumanne hali inajirudia. Akiamka muda wake wa kawaida, hata kwa shida, akaona jua la asubuhi, akala, na mchana asilale zaidi ya nusu saa au saa moja, kufikia saa 2 usiku atakuwa anasinzia mwenyewe. Jumatatu usiku ndio usiku wa kulipa deni. Hakuna kutazama katuni, hakuna simu, chakula mapema, taa zizimwe. Familia hii ilifanya hivyo bila kupanga, kwa sababu mama mwenyewe alisinzia saa 2 akiwa ameshika kijiko.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu kulikuwa na jambo jingine ambalo lingeweza kupita bila kuonekana. Baba ana presha, na amekuwa akitumia kidonge kimoja kila jioni kwa miaka miwili. Paketi ya dawa ilikuwa juu ya friji, mahali pake pa siku zote, na ilibaki hapo safari nzima. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hakumeza. Alipoiona asubuhi alitaka kumeza viwili, kufidia.

Dawa ya presha haifidiwi. Aliyeruka siku mbili tatu anaendelea na dozi yake ya kawaida kwa muda wake wa kawaida, kidonge kimoja kama alivyoandikiwa, na kama anaweza apime presha siku hizo ili ajue imefika wapi. Kumeza dozi mbili kwa mpigo kunaweza kuishusha ghafla mpaka mtu akapata kizunguzungu au akaanguka, na fundi anayepanda na kushuka chini ya magari hahitaji kizunguzungu. Maumivu ya kifua, kichwa kuuma vibaya ghafla, kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kukosa nguvu, hayo hayasubiri kidonge cha jioni, ni hospitali. Kwake hayakutokea. Tangu siku hiyo binti yake ameweka vidonge vitano kwenye mfuko mdogo wa begi la safari, vikiwa bado ndani ya kipande cha karatasi yake ya bati ili jina na tarehe ya mwisho ya matumizi visomeke.

Wiki ikaendelea. Machungwa yakaliwa, mengine yakagawiwa kwa majirani. Dada wa kazi akarudi. Picha za harusi zikatumwa kwenye kundi la ukoo, watu wakacheka baba alivyocheza. Kufikia Jumapili iliyofuata safari ilikuwa hadithi ya zamani, na hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo.

Jumatano ya wiki ya pili, siku ya kumi tangu warudi, mtoto wa kiume alitoka chekechea amenyong'onyea. Jioni mwili ukawa wa moto. Alikuwa na mafua kidogo, na darasani kwao watoto wengine wanne walikuwa na mafua. Mama akaunganisha mawili hayo akapata jibu. Akampa paracetamol ya maji, homa ikashuka, mtoto akalala.

Alhamisi alionekana nafuu asubuhi, akapelekwa shule, na saa 5 mwalimu akapiga simu. Mama, ambaye ni karani kwenye duka la jumla Kariakoo, aliomba ruhusa akaenda kumchukua. Njiani wakapita duka la dawa. Muuzaji aliuliza maswali ya maana: ana umri gani, homa ilianza lini, anatapika? Kisha akauliza, "Mmesafiri hivi karibuni, mama?"

Mama akajibu hapana.

Hakudanganya. Akilini mwake safari ni kitu cha mbali, cha kwenda na kukaa. Kwenda ukweni kwa siku tatu, tena wiki iliyopita na zaidi, hakukumjia kuwa ni kusafiri. Akauziwa dawa ya kikohozi na dawa ya kuua bakteria, dozi ya siku tano, akarudi nyumbani. Ile dawa ya kuua bakteria haikupaswa kuuzwa bila cheti cha daktari, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Usiku wa Alhamisi homa ilipanda tena, mtoto akatetemeka, akatapika mara mbili. Ijumaa asubuhi walikuwa kwenye zahanati. Binti mkubwa alikuwapo pia, kwa sababu shule yao ilifunga mapema siku hiyo na hakukuwa na wa kumwacha naye. Muuguzi akauliza swali lile lile. Kabla mama hajafungua kinywa, binti akadakia, "Mama, si tulienda kwa bibi? Kwenye harusi ya ba'mdogo! Na tulilala sebuleni kwenye mkeka na kina binamu, mbu wengi mpaka nikajifunika kanga usoni."

Mama alinyamaza. Muuguzi alitoboa kidole cha mtoto, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, kile kinachoitwa mRDT, na baada ya kama robo saa mistari miwili ikaonekana. Malaria.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Kwa malaria hii ya kwetu, inayoletwa na kimelea aina ya falsiparamu, huweza kuanza tangu siku ya saba, na wengine huchukua hadi mwezi. Mbu akishamuuma mtu, vimelea havikai kwenye damu tu, huenda kwanza kwenye ini na kujizalisha humo kimya kimya, mtoto akicheza na kula kama kawaida. Vikitoka kwenye ini na kuanza kupasua chembe nyekundu za damu ndipo homa huja. Kwa hiyo homa ya Jumapili usiku ya kurudi ni nadra kuwa malaria ya safari ile. Homa ya wiki ya pili, ambayo hakuna anayeihusisha na safari, ndiyo inayotakiwa kutiliwa shaka.

Hesabu ya familia hii inaonyesha wazi. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi watoto saba walilala kwenye mkeka mmoja bila chandarua, kwa sababu nyumba ya bibi ina vyandarua viwili na kimoja alikuwa amepewa mgeni mzee. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku watu wakiwa wamelala. Kuanzia Ijumaa ile hadi Jumatano homa ilipoanza ni siku 12.

Baba aliposikia majibu alishangaa. Yeye amezaliwa Muheza na kukulia huko, na binamu wote watano waliolala kwenye mkeka ule ni wazima, wanacheza mpira. Swali lake ni la haki. Muheza iko chini ya milima ya Usambara, ina joto na mvua, na malaria imesumbua huko kwa vizazi vingi, hata kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kipo wilayani humo. Watoto wanaokua mahali kama hapo, wakishavuka miaka ya mwanzo ambayo ndiyo ya hatari zaidi, hujenga kinga ya kiasi: wanaweza kuwa na vimelea na wasiugue sana. Mtoto wa Tabata hana kinga hiyo. Na mtu mzima aliyekuwa nayo, akiishi mjini miaka kadhaa bila kuumwa na mbu wenye vimelea, nayo hupungua. Baba aliyesema "malaria ya Muheza nimeizoea" aliizoea akiwa na miaka 15. Sasa ana 38.

Mafanikio yenyewe yamechangia usahaulifu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania yakiwa takriban asilimia 8, wakati mwaka 2008 yalikuwa karibu asilimia 18. Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa iliyo chini kabisa. Mzazi wa leo wa Tabata, Sinza au Mbagala anaweza kumlea mtoto hadi aingie darasa la kwanza bila kumwona na malaria hata mara moja. Zamani kila homa iliitwa malaria, na hilo lilikuwa kosa, watu wakameza dawa bila kupimwa. Sasa kosa limegeuka upande wa pili.

Mtoto alipewa dozi ya kwanza ya dawa mseto pale pale zahanati. Dozi kamili ni mara sita kwa siku tatu, idadi ya vidonge kulingana na uzito: ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Muuguzi alimsisitiza mama ampe na chakula au maziwa, kwa sababu dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi tumboni mkiwa na mafuta kidogo, na akitapika ndani ya nusu saa arudie dozi hiyo. Akamtajia pia dalili za kumrudisha mbio, usiku au mchana: kutapika kila anachopewa, kushindwa kunywa, degedege, kulegea au kusinzia kusiko kwa kawaida, kupumua kwa shida, mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea.

Jumamosi mchana mtoto alikuwa anarusha mpira sebuleni. Dozi tatu zilikuwa bado. Majirani wawili walimshauri mama abakize, zitamsaidia mtoto siku nyingine. Hakubakiza. Vimelea vilivyobaki ndivyo hurudi, na vikirudi huwa vimeshaionja dawa. Jambo jingine linalowachanganya wazazi ni kipimo: mRDT kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa hata mtoto akiwa amepona, kwa kuwa kinapima mabaki ya kimelea. Kama homa ingerudi ndani ya mwezi, ilibidi apimwe kwa hadubini.

Siku mbili zilipotea kati ya Jumatano jioni na Ijumaa asubuhi. WHO inahimiza mtu mwenye homa apimwe na kuanza matibabu ndani ya saa 24, kwa sababu kwa mtoto mdogo malaria inaweza kuwa kali haraka. Safari hii siku mbili hazikumdhuru. Mama halali vizuri akiziwaza.

Sasa kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kugawiwa na duka la vifaa vya ujenzi, Ijumaa ile ya harusi na Jumapili ya kurudi zimezungushiwa wino mwekundu. Pembeni binti ameandika "Muheza", na mstari umevutwa kwenda mbele wiki nne. Kila homa ndani ya mstari huo, ya mkubwa au ya mdogo, inakwenda na neno Muheza kwa muuguzi. Neno hilo lina faida hata ugonjwa usipokuwa malaria. Taifodi nayo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu au zaidi tangu mtu anywe maji machafu, na muuguzi anayejua ulikotoka anajua pa kuanzia.

Baada ya harusi huja kumtembelea bi harusi, na ukoo umekubaliana mwisho wa mwezi ujao. Mama alimpigia mkwewe wiki iliyopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu vipi?"

Akamweleza yote. Akamwambia safari hii watakuja na vyandarua vitatu vyenye dawa, viwili wataviacha huko huko. Bibi alifurahi. Ugumu ulikuja kwenye saa. Mama alitaka Jumapili waondoke Muheza saa 2 asubuhi, wafike Tabata mchana, sare zianikwe na jua, watoto walale mapema. Bibi akanyamaza muda mrefu. Kwake mtoto wa mtu haondoki ukweni bila chakula cha mchana, majirani watasema amefukuzwa. Mama hakubishana na mkwewe kwenye simu, akampa mume wake azungumze.

Walifikia saa 5. Bibi atapika alfajiri, watakula saa 4, na pilau halitafungwa kwenye hotipoti. Atawapa machungwa tu, na kuku mmoja, akiwa hai.